Chai iliyopita motoni mara mbili

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukifika Usagara njia hugawanyika. Moja huendelea hadi Misungwi na Shinyanga. Nyingine hukata kulia na kuteremka Kigongo, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapo Kigongo, kwa miaka mingi, msafiri wa Sengerema au Geita alilazimika kusimama akisubiri kivuko cha kumvusha hadi Busisi. Siku njema alisubiri nusu saa. Siku mbaya alikaa saa mbili au tatu, magari yamepanga mstari, watoto wanalia, na jua la ziwani halina huruma. Na mtu anayesubiri kivuko hufanya nini? Hunywa chai.

Yuko mama mmoja ambaye kwa miaka 19 alilea watoto wake kwa subira hiyo ya watu wengine. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nimekubali. Alikuwa na meza moja, benchi mbili, majiko mawili ya mkaa, sufuria kubwa ya chai ya maziwa na nyingine ya chai ya rangi. Vitafunwa vilikuwa chapati, maandazi, na viazi vitamu vya kuchemsha katika majira yake. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Safari iliyokuwa ikila nusu ya asubuhi sasa humalizika kwa dakika chache tu. Nilipomuuliza analionaje daraja, alinijibu bila kinyongo: "Daraja ni jema, mwanangu. Nimewaona wajawazito wakilala hapa kungoja kivuko cha alfajiri. Ila sasa abiria wanapita juu ya kichwa changu na njaa yao."

Hata hivyo, si biashara iliyomfanya aniite nyumbani kwake. Aliniita kwa ajili ya kopo.

Lilikuwa kopo la bati, refu kama kiganja, jekundu lililofifia, lenye herufi za Kichina. Mwanawe wa pili alikuwa fundi wa kufunga nondo katika ujenzi wa daraja hilo, uliowekewa jiwe la msingi Desemba 2019 na kutekelezwa na makampuni mawili ya Kichina kwa fedha za Serikali yetu. Kijana huyo alifanya kazi karibu miaka minne chini ya msimamizi mmoja Mchina. Walielewana kwa maneno machache ya Kiswahili, machache ya Kichina, na kwa vidole. Siku msimamizi huyo alipofungasha mizigo yake kurudi kwao, alimpa kijana kopo lile, akalishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaondoka.

Ndani yake mlikuwa na majani ya chai. Lakini kopo lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na robo yake ilikuwa imetumika.

Mama alifanya alilolijua. Alichukua gao la majani hayo, akayatia katika sufuria yenye maji na maziwa, akaongeza tangawizi na sukari, akayaacha yatokote mpaka maziwa yakapanda mara tatu. Familia nzima ilikaa kungoja chai ya Uchina. "Ilikuwa," alinieleza, "kama maji yaliyoosha sufuria ya ugali ulioungua." Chai yote ilimwagwa kwenye mgomba. Kopo likawekwa rafuni, na jambo hilo likabaki moyoni mwake kama kibanzi. Ndipo akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Wewe uliyesoma, hebu niambie. Huyu mtu alimpa mwanangu zawadi, au alimpa taka zake?"

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo. Kijana amefunga nondo miaka minne juu ya maji, na mama yake anataka kujua alithaminiwa kwa kiasi gani. Nilichukua picha ya kopo lile, nikampelekea mkalimani mmoja wa Kichina ninayefahamiana naye mjini Mwanza. Alilisoma mara moja. Ni chai ya aina ya wulong, ambayo dunia huiita oolong, ya milima ya Wuyi katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa Uchina. Wenyewe huiita chai ya miamba, kwa sababu michai yake huota katika mabonde membamba katikati ya majabali. Na ni ile iliyobanikwa kwa moto.

Wengi wetu hudhani kuwa chai nyeusi, chai ya kijani na hiyo oolong hutoka katika mimea mitatu. Sivyo. Zote hutokana na mmea mmoja, uleule uliopandwa Amani na Rungwe na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao leo unalimwa Mufindi, Njombe, Usambara, na hata huku kwetu kando ya Ziwa, kule Maruku karibu na Bukoba. Tofauti huletwa na mkono wa binadamu baada ya jani kuchumwa.

Jani la chai likichubuliwa, hewa huligeuza rangi, kama tufaha lililomenywa au ndizi iliyogongwa. Katika viwanda vyetu vingi jani huachwa linyauke, kisha hupitishwa katika roli zenye meno zinazolikata, kulirarua na kulivingirisha likawa chembechembe. Chembe hizo huachwa zigeuke kabisa, ndipo hukaushwa. Hiyo ndiyo chai tunayoijua: hutoa rangi upesi, ni kali, na ina nguvu ya kushindana na maziwa na sukari. Chai ya kijani ni kinyume chake. Hutiwa joto mara baada ya kuchumwa ili isigeuke hata kidogo.

Oolong imesimama katikati ya hizo mbili, na kusimama katikati ni kazi ngumu. Jani huachwa zima. Huanikwa juani likalegea, kisha huletwa kivulini na kutikiswa katika nyungo kubwa za mianzi, likapumzishwa, likatikiswa tena, usiku kucha, ili kingo zake zichubuke na kuwa nyekundu huku moyo wa jani ukibaki na ukijani wake. Fundi hunusa. Harufu ya majani mabichi inapogeuka kuwa ya maua au matunda, hapo hapo huyatia katika kikaango cha moto mkali ili kuyasimamisha. Akichelewa, yamekuwa chai nyeusi. Huo ndio moto wa kwanza. Baada yake majani husokotwa yakiwa bado laini, na kukaushwa.

Moto wa pili ndio uliomchanganya mama yetu. Majani huwekwa katika kapu la mianzi lililobanwa kiunoni, juu ya makaa yaliyofukiwa majivu. Hapana mwali wala moshi. Ni joto tu linalopanda polepole, namna ileile bibi zetu walivyofukia kaa jioni ili walikute likiwa hai asubuhi. Majani hukaa hapo kwa saa nyingi, yakigeuzwa kwa mkono, kisha huondolewa yakapumzika kwa siku au majuma, na huenda yakarudishwa tena. Chai iliyotoka motoni jana haifai kunywewa leo, kwani bado ina harufu ya makaa. Mafundi huiacha hata miezi kadhaa moto upoe ndani ya jani.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwanza, jani lililobanikwa vizuri huwa kavu kabisa na hudumu muda mrefu, na chai ya Fujian imekuwa bidhaa ya kusafirishwa mbali kwa karne nyingi. Pili, moto huondoa ubichi, na hufanya ndani ya jani jambo lilelile unalolifanya katika karanga unapozikaanga, katika buni, na katika ukoko wa mkate: sukari kidogo iliyomo na vijenzi vya protini hukutana kwenye joto, vikazaa rangi ya hudhurungi na harufu mpya ambazo hazikuwamo katika jani bichi. Basi harufu ile ya kuungua iliyomchukiza mama haikuwa kosa la chai. Ndiyo hasa iliyokusudiwa, ila kwa kipimo. Kuitokosa katika maziwa ni sawa na kuchukua karanga zilizokwisha kukaangwa ukazikaanga tena.

Jumamosi moja nilirudi Kigongo. Kijana hakuwapo, alikuwa kazini Mwanza. Nilimkuta mama na binti yake mdogo. Nikamwambia, "Mama, leo tutaipika bila kuipika." Akacheka, akasema waandishi ni watu wa maneno.

Wachina wa Fujian wana namna yao ya kuandaa chai hii, iitwayo gongfu, maana yake kazi inayotaka ustadi na muda. Wana buli dogo lisilozidi ukubwa wa ngumi na vikombe vya kunywa mikupuo miwili. Sisi hatukuwa navyo. Tulitumia bakuli dogo la udongo lenye ujazo wa nusu kikombe cha chai, kisosi cha kulifunikia, chujio, na vikombe vya kahawa alivyoviazima kwa jirani. Anayetaka kujaribu asiende dukani kununua chochote.

Maji yalikuwa ya ziwani, yaliyochujwa. Hapa wilaya ya Misungwi ina bahati, maana maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, na ndiyo yanayovutwa kutoka Ihelele, humu humu wilayani, kupelekwa Shinyanga na Kahama. Maji ya kisima chenye magadi huifanya chai yoyote kuwa nzito na kufunika harufu yake. Bahati nyingine sikuitarajia. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji hayachemki kwenye nyuzi joto 100 kama pwani. Huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Chai nyororo ya kijani huungua kwa joto hilo, lakini oolong iliyobanikwa hulipenda. Kwa hiyo mtu wa Kigongo hahitaji kupoza wala kupima. Birika likichemka, maji yako tayari.

Tulipasha bakuli kwa maji ya moto, tukayamwaga. Tukatia majani vijiko viwili vya chakula, bila kuyashindilia. Yalikuwa meusi, marefu, yamesokotwa kama nyuzi za katani zilizochovywa katika lami. Tulipofunika bakuli lile la moto kisha tukafunua, harufu ilitoka kabla hata ya kumwagia maji. Nilimpa mama anuse. Alinyamaza, akanusa tena, akasema: "Matobolwa."

Kwa msomaji asiye wa Usukumani, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kukaushwa juani mpaka utamu wake ukakazana. Nimesoma maelezo mengi ya ladha ya chai hii, yakitaja kakao, mkate uliookwa na matunda makavu. Sijakuta neno lililoipiga chai ile kama hilo la mama.

Maji ya kwanza tuliyamwaga baada ya kuhesabu hadi tano. Hayo huosha vumbi na kuamsha jani. Maji ya pili tuliyaacha kwa hesabu ya kumi na tano, tukachuja yote, pasipo kubakiza hata tone katika bakuli. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Majani yakiachwa yanaelea ndani ya maji huendelea kutoa ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Rangi ilikuwa ya asali nzito. Tulikunywa bila sukari, bila maziwa.

Mkupuo wa kwanza una moto ndani yake: mahindi ya kuchoma, yale yaliyo karibu kuungua upande mmoja. Mama alikunja uso. Nikamwomba angoje. Maji ya tatu yalikuwa mapana zaidi, moshi umerudi nyuma, na karanga na matobolwa yamekuja mbele. Kisha, baada ya kumeza, kikatokea kile ambacho Wachina hukiita utamu unaorudi: koo linatoa utamu mdogo, kana kwamba ulilamba muwa dakika kumi zilizopita. "Umetia sukari?" aliuliza binti. Hakuna aliyetia. Maji ya nne yalikuwa bora kuliko yote. La tano tuliliacha kwa muda mrefu zaidi, na la sita zaidi ya hapo, kwa kuwa jani lililochoka hutaka subira.

Majani yaleyale, vijiko viwili, yamewanywesha watu watatu kwa saa nzima.

Habari ya sukari inagusa nyumba nyingi. Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa zilipokwamisha viwanda, sukari iliadimika nchini, na familia nyingi zilijikuta zikitazama birika bila kujua la kufanya, kana kwamba chai bila sukari si chai. Mama huyu pia ameshauriwa katika zahanati aipunguze. Chai nyeusi ya kutokoswa, ikikaa motoni robo saa, kwa kweli haimezeki bila sukari, kwa sababu tumeikamua mpaka ukakasi wa mwisho. Nilijaribu nyumbani kwangu na majani ya kawaida ya Mufindi: kijiko kimoja, maji yaliyochemka, nikafunika kwa dakika nne mbali na moto, nikachuja. Chai ilikuwa nyekundu inayong'aa, na nusu ya sukari ya kila siku ilitosha. Kwa chai ya maziwa sishauri hivyo. Ile hutaka kutokota, na iliundwa kwa ajili hiyo.

Nilijaribu pia kubanika majani yetu katika kikaango, nikitumaini kupata oolong ya Misungwi. Nilipata masizi. Chembe ndogo za kiwandani huungua kabla hazijanukia, na mwenzangu alifungua madirisha yote. Jambo moja nililofanikiwa ni hili: majani yale ya kopo yalikuwa yamevuta unyevu kidogo wa masika, na kuyapitisha katika kikaango kikavu juu ya makaa hafifu kwa dakika chache, nikiyageuza bila kuacha, kuliyarudishia harufu yake.

Tahadhari kwa akina mama: chai yoyote, iwe ya Fujian au ya Rungwe, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Mjamzito na mtoto mdogo wasinyweshwe pamoja na mlo. Ipite saa moja. Na asiyelala vizuri aiache jioni, kwani kubanikwa hakuondoi kile kinachomkesha mtu.

Kuna jambo lingine nililoliona katika kopo lile, nami nalisema kwa wivu kidogo. Jina la mlima limeandikwa juu yake, na jina hilo ni sehemu ya bei. Chai yetu huuzwa zaidi kwa wingi katika magunia ya karatasi, miaka mingi kupitia mnada wa Mombasa, na tangu Novemba 2023 katika mnada wetu wa Dar es Salaam pia. Ikifika nchi za mbali huchanganywa na nyingine, na mnywaji hajui kama kuna mahali paitwapo Mufindi. Mnada wa nyumbani ni hatua. Jina juu ya kopo ni hatua nyingine ndefu zaidi.

Turudi kwenye swali la mama. Nilimweleza kuwa chai ya namna hiyo haiuzwi katika maduka ya Misungwi, na sikuiona Mwanza. Mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi katika reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 anaweza kumsimulia jinsi Wachina walivyotembea na chupa zao za chai, wakiongeza maji ya moto juu ya majani yaleyale tangu asubuhi hadi jioni. Msimamizi yule hakulileta kopo ili aligawe. Alilileta anywe mwenyewe, akalitumia kwa kujihesabia, maana baada ya muda wote alioutumia huku lilikuwa limepungua robo tu. Kilichobaki, robo tatu, alimwachia mfunga nondo wake.

Mama alilichukua kopo, akalitikisa karibu na sikio, akalifunika kwa nguvu. Alisema kijana atakapokuja mwisho wa mwezi watainywa pamoja, na kwamba yeye ndiye atakayehesabu hadi kumi na tano, si mtu mwingine. Nikamuuliza kama ataiuza Usagara, ambako sasa amehamishia meza yake, penye njia panda na mabasi yanayosimama. Alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya mtoto.

Maji ya saba yalikuwa yamebaki rangi tu. Aliyatia sukari kijiko kimoja, akayanywa.